Sekunde Kumi na Moja za Ardith Vance

Ukiwasha televisheni mchana katika mji wetu, saa za kurudia michezo ya kuigiza ya zamani, hutakaa muda kabla hujamwona Ardith Vance akifungua mlango. Polisi wamebisha. Yeye ni mama mwenye nyumba ya kupangisha, au jirani, au mjane wa mchungaji. Amevaa aproni na mikono ina unga. "Nilijua mtakuja," anasema, kisha anasogea pembeni wapite. Kwa jinsi anavyosogea tu, unajua kwamba huko ghorofani kuna kitu kilichoacha kupumua tangu asubuhi.

Jina lake watu hawalijui. Wanamwita yule mama. Dukani, barabara ya Lankershim, walizoea kumsimamisha mbele ya makopo ya nyanya na kumuuliza, "Samahani mama, hukuwahi kuwa mwalimu wangu?" Naye alijibu, "Labda," akaendelea kusukuma kikapu chake. Kueleza ukweli kungemchukua muda mrefu, na mwishowe wangevunjika moyo kwamba hakuwa mwalimu wao.

Alizaliwa Ardith Vondra, mwaka 1903, katika mji mdogo wa Wacheki huko Nebraska, ambako baba yake alichinja nguruwe na kutengeneza soseji. Kila Agosti, mahindi yakishapita kimo cha mtu, walikuja watu wa michezo ya kuigiza na hema lao. Alipotimiza miaka kumi na saba, hema lilipong'olewa, na yeye aling'oka nalo.

Kule kwenye hema ndiko alikojifunza kazi, na namna alivyojifunza ndiyo habari yote ninayotaka kuisimulia. Walikuwa na michezo saba, mmoja kwa kila siku ya juma, na mwigizaji hakupewa mchezo mzima asome. Mwenye hema aliogopa kuibiwa michezo yake. Kila mtu alipewa maneno yake tu, kwenye vijikaratasi vya upana wa kiganja, na juu ya kila kifungu yaliandikwa maneno mawili matatu ya mwisho ya yule anayetangulia kusema. Wazee wa hema waliyaita mkia. Ukisikia mkia, unasema. Yaliyo katikati hayakuhusu. Wapo walioigiza mchezo mmoja miaka minne bila kujua nani alimuua nani.

Alifika Los Angeles mwaka 1931, filamu zilipoanza kusema na watengenezaji wakawa wanatafuta watu wenye ndimi. Wakala aliyemtafutia kazi alilikata jina lake kama mtu akatavyo mkia wa mbwa, Vondra ikawa Vance. Hakuwa mzuri wa sura, wala hakuwa mbaya. Alikuwa na uso ambao mtu angeuachia mtoto wake mchana kutwa, na kwa miaka thelathini na minane uso huo ulifanya kazi karibu kila wiki. Aliolewa na Orrin, mchoraji aliyechora mawingu na milima kwenye vitambaa vikubwa vya kuwekwa nyuma ya madirisha ya uongo. Hawakujaliwa mtoto. Orrin alifariki mwaka 1958, akamwachia nyumba ndogo ya Burbank na anga lililobaki halijamalizika, limekunjwa gereji.

Waongozaji walimpenda kwa sababu moja. Hakuna shoti, kile kipande kinachopigwa kwa mkupuo mmoja, iliyowahi kurudiwa kwa ajili yake. "Mwite Ardith," walisema, "utakula chakula cha mchana kwa wakati."

Mimi nilikuwa mshika skripti. Nilikaa kwenye kigoda karibu na kamera, saa ya kuhesabia sekunde shingoni, nikiandika kikombe kimeinuliwa kwa mkono upi na katika neno gani, ili shoti ya asubuhi ioane na ya alasiri. Na shoti ikiharibika, ni mimi niliyeandika sababu. Ndege imepita na mngurumo wake. Taa imepasuka. Mwigizaji amesahau. Jioni karatasi hiyo ilikwenda ofisini, na ofisini ilisomwa na watu ambao sikuwahi kuwaona sura. Nilianza kufanya kazi na Ardith mwaka 1951, na kwa miaka kumi na sita hakunipa neno hata moja la kuandika.

Kisha ikaja asubuhi moja ya mwaka 1967. Alikuwa mama mwenye nyumba, kama kawaida. Alitakiwa kumpa mgeni ufunguo na kusema, "Chumba cha mwisho, kushoto." Aliushika ufunguo. Aliutazama. Aliutazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani na anajiuliza ni cha nani. Kisha akainua kichwa na kusema, kwa utulivu kabisa, "Kuna ndege."

Fundi wa sauti akavua vyombo vya masikioni. "Ndege gani? Mimi sisikii ndege."

"Umezeeka, Walt," Ardith akamwambia. "Nenda kazibue masikio." Watu wakacheka, shoti ikarudiwa, ikatoka safi.

Niliandika: ndege. Ndivyo uongo wa kwanza ulivyo, mwepesi kama unyoya, hujui kwamba umeshafungua mlango.

Baada ya hapo akawa ananijia asubuhi, kabla hajapakwa poda. "Maxine, mwanangu, nipe mikia." Nami nilimsomea maneno ya mwisho ya kila anayetangulia kusema, naye alifumba macho na kuitikia kwa kichwa. Nilidhani ni mazoea ya kizee. Nilikuja kuelewa siku aliponivuta pembeni dakika moja kabla ya kamera kuwashwa. Kulikuwa na jeneza mbele yetu.

"Huyu ninayemlilia," akaninong'oneza, "ni nani wangu?"

"Mwanao, Ardith."

"Ah. Basi sawa."

Akaenda akalia. Mafundi wa taa, wanaume waliokwisha kuona kila aina ya machozi ya kulipwa, walijifuta nyuso kwa mikono ya mashati. Mimi peke yangu nilisikia baridi. Hadithi ilikuwa imemtoka yote, kama maji kwenye mtungi uliopasuka, na kilichobaki ni ule ufundi wa hema. Akisikia mkia, maneno yalikuja, na sauti na machozi vikaja na maneno. Asipousikia, palikuwa giza.

Miaka miwili niliandika ndege, mbwa, taa, nywele zimevurugika. Sidhani kama kuna mwanamke wa California aliyewahi kupitiwa na ndege nyingi kiasi hicho. Sote tulijua kanuni. Kila filamu ina bima, na bima ina daktari, na daktari anasoma karatasi. Neno "amesahau" likiandikwa mara mbili tatu kwa mtu wa umri ule, hakuna atakayemwekea dhamana, na asiyewekewa dhamana haajiriwi. Wala hakuna atakayekuambia. Simu inaacha kulia, basi.

"Nikitoka kazini niende wapi?" aliniuliza siku moja. "Pale nyumbani kuna mwanamke. Simjui vizuri."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka.

Oktoba 1969 tulipanda vilima vya nyuma ya mji wa Simi kupiga filamu ya mama na mwanawe wanaonyang'anywa shamba. Ilikuwa wiki ya ule upepo wa jangwani unaofanya ngozi kupasuka na majirani kugombana. Nyasi zilikuwa kavu kama karatasi. Mwongozaji, Gil Strand, alikuwa na miaka thelathini na moja na ndevu za nabii. Mwigizaji wake mkuu, kijana Kip Dallard, aliamini kwamba maneno yaliyoandikwa ni gereza. Kila shoti aliyasema anavyojisikia. Gil aliuita huo ukweli.

Kwenye kilele cha filamu nyumba inaungua. Walikuwa wamejenga nyumba ya mbao, wamepitisha mabomba ya gesi ndani ya kuta, na Burl, fundi wa moto, aliweza kuwasha na kuzima miali kama jiko. Ardith angekaa kwenye kiti cha kubembea katikati ya sebule. Kip angeingia mbio na kusema, "Mama, upepo umegeuka. Tuondoke." Ardith angejibu, "Acha iungue," angeinuka, na kutokea mlango wa nyuma, ambako watu wawili walimsubiri na mablanketi yaliyoloweshwa.

Asubuhi ile nilimwendea Kip. Alikuwa anakula peasi kwenye ngazi za gari lake.

"Nina ombi moja tu, Kip. Sema lolote utakalo, lakini mwisho sema 'tuondoke.'"

"Kwa nini?"

"Mhariri anataka pa kukatia."

"Maxine, wewe ni polisi wa maneno, unajua?" Akaguguna peasi akicheka. "Haya, afande. Tuondoke. Naapa kwa kaburi la bibi yangu."

"Bibi yako yu hai. Alikuja Jumanne."

"Basi naapa kwa hilo la atakapokufa."

Ardith aliniona tangu mbali. Alikuwa ameshavaa gauni la kijivu la mama wa shamba. "Umekaa kama umemeza sindano," akaniambia.

"Moto ni wa kweli, Ardith."

"Ningependa uwe wa kweli. Ule wa uongo unanuka mafuta."

"Nikaseme na Gil. Nimwambie tu kwamba..."

Akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa na nguvu ya binti wa mchinja nguruwe. "Ukisema, nimekwisha leo. Usiposema, labda nitakwisha kesho. Mimi nachagua kesho."

Sikumwendea Gil.

Saa tisa alasiri Burl alipita mbele yake na spana ya mabomba begani. "Haya, Mama Ardith, leo nakubanika kama soseji."

"Soseji ninazijua kuliko wewe, kijana. Usisahau kunigeuza."

Watu wakacheka, kamera ikawashwa, na gesi ikaanza kuunguruma ndani ya kuta. Miali ilipanda polepole kwanza, kama wageni wasio na uhakika wa nyumba. Kisha upepo ukaingia dirishani na kuishika. Kip akaruka kizingiti. Alipoona moto, na yule mwanamke katikati yake akibembea taratibu, kitu kilimvaa, ule ukweli wake. Alipiga magoti. Machozi yalimlenga.

"Mama," akasema. "Mama, tafadhali."

Akanyamaza hapo. Aliona ametenda jambo kubwa. Akainuka, akarudi nyuma, akatoka.

Ardith alimtazama akienda kwa uso wa adabu, kama mtu aliye kituoni akiona basi ambalo si lake. Akaendelea kubembea. Alikuwa anasubiri.

Saa ilikuwa mkononi mwangu. Nililijua lile neno. Lilikuwa ulimini, zito, nami nilijua kwamba nikilitoa kila mtu atajua kwamba Ardith Vance hawezi kutoka ndani ya nyumba inayoungua mpaka aambiwe. Mbao za dari zilianza kulia. Pindo la gauni lilitoa uzi mwembamba wa moshi. Akauona. Akaupangusa kwa mkono, kama apangusavyo makombo.

Sekunde kumi na moja. Najua kwa sababu niliziandika.

"Tuondoke!" nilipiga kelele.

Aliinuka papo hapo. "Acha iungue," akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine, akapita katikati ya moshi, mgongo umenyooka, akatoka mlango wa nyuma. Wakamrushia mablanketi.

Gesi ilizimwa. Nilisubiri macho ya watu yanigeukie. Ndipo Gil Strand alipokuja akikimbia, analia, ndevu zimelowa.

"Mmeona?" akasema. "Mmeona alivyokataa kutoka? Aliipangusa nguo! Inaungua, na yeye anaipangusa!" Akanigeukia, akanikumbatia hata mimi. "Uliogopa, Maxine, hata mimi niliogopa. Sauti yako tutaikata. Kesho tunarudia, kamera karibu na uso wake. Moto kuta zote mbili. Kip, usiseme kitu. Ingia, mtazame, toka. Na mtu yeyote asipige kelele. Nataka sekunde ishirini."

"Ishirini ni nyingi, bosi," Burl akasema. "Huyu ni bibi, si mbavu za ng'ombe."

"Yeye mwenyewe anajua. Atainuka akitaka. Au vipi, Ardith?"

Ardith alikuwa amejifunika blanketi, maji yanamchuruzika, anatabasamu kama msichana. "Nitakaa mpaka niambiwe," akasema.

Wakapiga makofi. Watu arobaini, juu ya kilima, katika upepo ule. Ukweli ulikuwa umesemwa mbele yao, nao wakaupigia makofi.

Nilimfuata kwenye gari lake la kubadilishia nguo. Mguu ulikuwa umetoka malengelenge mawili, na mpambaji alikwisha kuyafunga. Alikuwa ameketi mbele ya kioo.

"Ilikuwaje?" akaniuliza.

"Walipiga makofi."

"Hayo niliyasikia. Nilikuwa nasubiri, nasubiri. Halafu sauti ikaja, ikawa yako." Akakunja uso. "Mbona yako? Wewe hukuwa ndani ya nyumba."

"Kip alisahau maneno."

"Basi kaandike hivyo! Kip amesahau. Mtoto yule, siku zote nilijua." Akacheka kidogo. Kisha akanitazama kupitia kioo. "Kesho mkia ni upi?"

"Kesho hakuna mkia, Ardith. Gil anataka uinuke mwenyewe."

Nikaona ameelewa. Ilidumu kama kiberiti kinavyodumu. Aliiona nyumba, kiti, kuta mbili, na nafsi yake katikati, mahali pasipo na neno. Kisha kikazimika, akaanza kuchomoa vibanio kichwani, kimoja kimoja, na kuvipanga mezani.

"Lazima uwepo," akasema. "Utautafuta, Maxine. Mtu hatoki bila mkia."

Nilikwenda kukaa kwenye gari langu, ubao wa karatasi juu ya usukani. Jua lilikuwa bado juu ya vilima, jekundu, kubwa kuliko ilivyo haki yake. Ningeweza kwenda kwa Gil na kunong'ona. Angenisikiliza, angesikitika, na asubuhi angejiambia kwamba bibi yuko sawa, ameona jana kwa macho yake. La mdomo husahaulika kule kwetu. Kinachobaki ni karatasi. Penye nafasi ya sababu niliandika: "Mwigizaji hakukumbuka kutoka. Sekunde kumi na moja. Si mara ya kwanza." Nikasaini. Nikaipeleka kabla mkono haujabadili nia.

Asubuhi jina lake halikuwamo kwenye orodha ya siku. Gil alipita mbele yangu bila kunisalimu, na Kip akaniuliza kama ni kweli, nami nikasema ni kweli, naye akaenda kukaa nyuma ya gari la maji peke yake. Ofisi ilikuwa imempigia Ardith simu usiku uliopita. Walisema aliwajibu vizuri sana, akawashukuru.

Saa mbili na nusu mlinzi wa lango la chini alituma mtu. Kuna mama pale, amekuja na teksi, anasema yuko kazini.

Nikateremka. Upepo ulikuwa mkali kuliko jana, ukinisukuma mgongoni njia nzima. Alisimama nje ya kamba ya lango, amevaa koti lake la kahawia, nywele amezibana tayari kwa wigi. Mlinzi alikuwa amemletea kiti. Hakuwa amekikalia.

"Mwambie huyu bwana," akasema. "Anasoma karatasi yake kama Biblia."

"Jina lako limeondolewa, Ardith. Walikupigia simu."

Alilitafuta hilo kichwani, nikaona halipo. Alitazama juu kilimani, ambako Burl alikuwa anajaribu gesi na moshi mweusi ulishaanza kuchana anga. Aliponigeukia, alikuwa Ardith wa zamani, yule wa mwaka 1951, macho makali kama ya mama muuza duka.

"Nani aliandika?"

"Mimi."

Hakunipiga, ingawa nilikuwa nikingoja kofi. "Wewe," akasema. "Wengine wote wangeniacha nife vizuri." Mlinzi akageuza uso pembeni. "Miaka yote hiyo nakupa kazi safi, na siku uliyopata la kuandika, ukaandika."

"Ungeungua, Ardith."

"Na sasa nitafanya nini? Niambie. Wewe ndiye mwenye karatasi."

Tulisimama hivyo, kamba katikati yetu, majani makavu yakipita miguuni.

"Nani amekaa kwenye kiti changu?" akauliza.

"Jo. Yule mwanamke anayeanguka na farasi badala ya waigizaji. Watampiga picha kwa nyuma."

"Amevaa gauni langu?"

"Ndiyo."

Akafikiri. Mkono wake ulipanda chini ya koti, ukagusa ubavu, mahali mshono unapopita. "Lile gauni linabana kwapani," akasema. "Ukiweka viwiko kwenye mikono ya kiti linakaza, huinuki upesi. Hasa likipata joto. Mwambie mikono aiweke mapajani."

"Nitamwambia."

"Basi nenda. Usisimame hapa kama mpumbavu, wataanza bila wewe."

Nilipanda, nikisukumana na upepo, kisha nikaanza kukimbia. Burl alikuwa ameshapiga goti kwenye mabomba. Nilivuka mbele ya kamera na Gil akanifokea, lakini nilifika kizingitini. Jo alikuwa amekaa kwenye kiti cha kubembea, kipande cha mwanamke imara, wigi la mvi limemkaa vibaya, viwiko amevilaza mikononi mwa kiti.

"Weka mikono mapajani," nikamwambia, nikihema. "Gauni linakaza kwapani. Hutainuka."

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe."

Jo akajaribu kuinuka. Gauni likamshika, likamrudisha kitini. Alijaribu tena, akanitazama, na uso wake ukabadilika rangi. Akavuta viwiko, akaweka mikono mapajani, viganja juu. Nami nikatoka, na nyuma yangu gesi ikaanza kuunguruma ndani ya kuta.